Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kofia za Zamani za Ukingo Mwembamba: Kwa Wakusanyaji na Wavaaji wa Tabora

Maswali haya nimeyapata kwa watu wanaonisimamisha njiani, wengi wao kati ya soko kuu na stesheni ya reli, wakitaka kujua kofia niliyovaa imetoka wapi na wao wataipataje. Nimeyapanga kwa jinsi ninavyoulizwa, wala si kwa uzito wake, na mahali nilipotoa maoni yangu binafsi msomaji atayatambua bila shida.

Kofia ya ukingo mwembamba ni ipi hasa?

Hapa Tabora watu wengi huita pama kofia yoyote yenye ukingo unaozunguka kichwa, uwe mpana kama sinia au mwembamba kama kisahani cha kikombe. Wakusanyaji hutenganisha. Kofia inayozungumziwa hapa ni ile ambayo ukingo wake, ukipimwa kutoka pale unapokutana na kichwa cha kofia hadi mwisho wake, hauzidi sentimita 5. Nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya 1960 zina sentimita 3 hadi 4 na nusu tu.

Ndani ya kundi hilo kuna aina tatu ambazo mtu hukutana nazo mara nyingi. Ya kwanza ni trilbi, ambayo ukingo wake umeshushwa mbele na kuinuliwa nyuma, na kichwa chake kimebonyea katikati kwa urefu na kubanwa pande mbili za mbele. Ya pili ni pokipai, yenye kichwa kifupi kilicho bapa kwa juu na bonyeo la mviringo linalokizunguka, kama kifuniko cha sufuria kilichogeuzwa. Ya tatu ni kofia ya milima ya Alps, ile ya Austria na kusini mwa Ujerumani, ambayo kwa kawaida ina kamba iliyosokotwa badala ya utepe, na mara nyingi unyoya pembeni. Hii ya tatu ndiyo inayochekwa zaidi ukiivaa Isevya, nami naipenda kuliko zote.

Kwa nini ukingo ulipungua, na ni kweli kwamba Rais Kennedy wa Marekani ndiye aliyeua kofia?

Katika miaka ya 1930 na 1940 kofia za wanaume za Marekani na Ulaya zilikuwa na ukingo wa sentimita 6 au zaidi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 mavazi yote ya wanaume yalianza kupungua kwa pamoja: kola za koti zikawa nyembamba, tai zikawa nyembamba, suruali zikabana, na kofia ikafuata, kwa sababu ukingo mpana juu ya koti lenye kola nyembamba humfanya mtu aonekane kama uyoga. Magari nayo yalichangia. Watu wengi zaidi walikuwa wakienda kazini kwa magari yao, na paa za magari ya wakati huo zilikuwa zikishuka, hivyo kofia ndefu yenye ukingo mpana ikawa kero.

Habari ya Kennedy, kwamba aliua kofia kwa kwenda kichwa wazi siku ya kuapishwa, husimuliwa kila mahali, lakini haina msingi. Tarehe 20 Januari 1961, siku aliyoapishwa, alikuja na kofia ndefu nyeusi ya sherehe, akaivua alipokuwa akihutubia. Kofia za wanaume zilikuwa zimeanza kupungua vichwani miaka mingi kabla yake. Yeye alikuwa na nywele nzuri tu, na watu wakapata wa kumsingizia.

Wanamuziki ndio walioipa kofia hii heshima ya pili. Lester Young, mpiga saksafoni wa Marekani aliyefariki mwaka 1959, alijulikana kwa pokipai yake kama alivyojulikana kwa saksafoni. Vijana wa Jamaika wakaivaa katika miaka ya 1960 wakati muziki wa ska ulipopamba moto, na mwishoni mwa miaka ya 1970 vijana wa mji wa Coventry, Uingereza, wakaichukua kutoka kwao.

Hapa Tabora zinapatikana wapi?

Mahali pa kwanza ni mitumba. Ni nadra kofia kuja katika belo lake peke yake. Mara nyingi huwa zimejazwa ndani ya belo la makoti au la vitu mchanganyiko, zimebanwa mpaka zikawa bapa kama chapati. Kwa sababu hiyo wauzaji wengi huzitupa chini ya meza au huwapa watoto wachezee. Muuzaji anayekujua atakuwekea, kwa hiyo ni vizuri kununua kwa mtu mmoja au wawili kwa muda mrefu, na kuwa pale asubuhi belo linapokatwa kamba. Kofia iliyobanwa isikutishe, kwa kuwa felti nzuri, yaani kile kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa, hurudi katika umbo lake kwa mvuke. Ikutishe ile iliyokunjwa hadi ikapasuka kwenye mkunjo, kwa sababu hiyo haina dawa.

Mahali pa pili ni nyumba za wazee. Tabora imekuwa mji wa reli tangu mwaka 1912, na wapo wazee waliofanya kazi relini, mahakamani, shuleni na katika biashara ya tumbaku ambao walinunua kofia zao dukani zikiwa mpya na wakazivaa Jumapili tu. Nikialikwa kuziangalia huwa nawaambia wenyewe thamani yake kabla sijasema nitanunua. Mkusanyaji anayemdanganya mjane kuhusu kofia ya marehemu mumewe hana tofauti na mwizi, hata kama amelipa.

Nitajuaje kwamba kofia ni ya zamani kweli na si mpya iliyochakaa?

Hili ndilo swali lenye utamu kuliko yote, na jibu lake liko ndani ya kofia, wala si nje. Geuza kofia, kisha funua taratibu ule mkanda wa ngozi wa ndani unaogusa paji la uso. Nyuma yake, pale ambapo jasho na mwanga havikufika, hukaa karatasi ndogo ya saizi na wakati mwingine nembo ya chama cha wafanyakazi. Kofia za Marekani zilizotengenezwa viwandani mwenye wafanyakazi waliojiunga na chama huwa na karatasi hiyo ndogo, na chama cha wafanyakazi wa kofia na kepi kilichoungana mwaka 1934 kilibandika jina lake jipya, hivyo kofia yenye jina hilo haiwezi kuwa imetengenezwa kabla ya mwaka huo.

Angalia pia anwani ya duka, kwa kuwa maduka mengi yalipiga chapa ya jina lao kwenye ngozi au kwenye bitana. Marekani ilianza kutumia namba za posta za tarakimu 5 mwaka 1963, na mwaka huohuo ikaanzisha vifupisho vya majimbo vya herufi mbili. Anwani yenye vitu hivyo ni ya mwaka 1963 au baadaye. Kofia iliyoandikwa kuwa imetengenezwa Ujerumani Magharibi ni ya kati ya mwaka 1949 na 1990. Ukikuta lebo ya nailoni yenye alama za kufulia na pasi, au mistari myeusi ile inayosomwa na mashine ya dukani, una kofia ya juzi.

Ngozi yenyewe husema. Mkanda wa zamani ni wa ngozi halisi, umeshonwa kwa uzi mwembamba, na mara nyingi umepata rangi ya asali kwa jasho la miaka. Kofia za bei rahisi za siku hizi zina mkanda wa kitambaa. Kuna na mwisho wa ukingo: umekatwa tu na kuachwa wazi, au umezungushiwa utepe, au umekunjwa na kushonwa. Ukingo ambao umekunjwa ukaungana wenyewe, bila mshono wowote unaoonekana, ni kazi ya ghali ya Marekani iliyopewa jina la Cavanagh. Nimekutana nao mara moja tu katika maisha yangu, chini ya rundo la soksi.

Je, jina la kampuni ni muhimu?

Ni muhimu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Borsalino ilianza mwaka 1857 katika mji wa Alessandria, Italia, na Stetson ilianza mwaka 1865 huko Philadelphia, na zote mbili zimetengeneza kofia bora. Lakini kiwanda cha Stetson cha Philadelphia kilifungwa mwaka 1971, na tangu hapo jina hilo limewekwa juu ya kofia za makampuni mengine kwa leseni. Mimi ningechukua kofia isiyo na jina yenye felti laini na ngozi nzima, nikaiacha yenye jina kubwa iliyokauka. Anayenunua jina peke yake ni yule aliyependa chongo akaita kengeza.

Felti ya manyoya na felti ya sufu zinatofautianaje?

Felti ni kitambaa kisichofumwa. Ni nyuzi zilizoshindiliwa kwa maji moto, mvuke na kusuguliwa mpaka zikashikana zenyewe. Ikiwa nyuzi hizo ni manyoya ya sungura au ya biva (mnyama wa majini anayefanana na panya mkubwa), kofia huwa nyepesi, nyembamba, laini kama shavu la mtoto, na ukiukunja ukingo kidogo na kuuachia hurudi mara moja. Ikiwa ni sufu ya kondoo, kofia huwa nene, kavu mkononi, na ikinyeshewa hulegea au husinyaa. Kofia ya sufu si mbaya kwa anayeanza, ila isiuzwe kwa bei ya ile nyingine.

Nipimeje kichwa, na zile namba za ajabu kama 7⅛ zina maana gani?

Chukua futi kamba ya fundi cherehani, izungushe kichwani sentimita moja juu ya masikio na katikati ya paji la uso, isibane wala isilegee. Ukipata sentimita 57, hiyo ndiyo saizi yako katika sehemu kubwa ya Ulaya. Wamarekani huandika 7⅛ kwa kichwa hichohicho, kwa sababu wao huchukua mzunguko kwa inchi na kuugawa kwa 3.14, yaani huandika upana wa kichwa kana kwamba kichwa ni duara. Waingereza hufanya karibu vilevile lakini namba yao huwa ndogo kwa sehemu moja ya nane, hivyo kofia ya Uingereza iliyoandikwa 7 na ya Marekani iliyoandikwa 7⅛ humtosha mtu mmoja. Kila hatua ya sehemu moja ya nane ni sawa na takriban sentimita moja ya mzunguko.

Hayo ni maandishi, na maandishi hayavaliwi. Ngozi ya kofia yenye miaka 60 huwa imesinyaa, kwa hiyo pima ndani kwa futi kamba bila kujali karatasi inasema nini. Kofia inayozidi kidogo hurekebishwa kwa kupachika kipande cha gazeti kilichokunjwa au sponji nyembamba nyuma ya mkanda wa ngozi. Kofia inayobana kidogo huweza kutanuliwa kwa kifaa cha mbao chenye skrubu katikati, ambacho seremala yeyote wa hapa anaweza kukutengenezea ukimchorea, lakini usitarajie zaidi ya nusu saizi. Inayobana sana iache. Kofia isiyokutosha utaiweka kabatini, na mimi siihesabu kuwa ni sehemu ya mkusanyo wa mtu anayesema anavaa kofia.

Nisafisheje vumbi letu la kiangazi?

Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi la Tabora huingia kila mahali, na kwenye felti nyeusi huonekana kama unga wa muhogo. Tumia brashi laini ya manyoya, ukipiga kwa mkono mwepesi kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa, kwa kuwa huko ndiko manyoya ya felti yamelazwa. Doa la mafuta lifunike kwa unga wa mahindi mkavu usiku mmoja, kisha upige brashi.

Usiifue. Kofia yangu ya kwanza ya maana, trilbi ya kijivu, niliipeleka kwa dobi mmoja mjini ambaye aliniahidi kwa kujiamini kwamba ataing'arisha. Aliiloweka katika maji ya moto yenye sabuni ya unga, akaianika juani juu ya kigingi. Ilirudi ikiwa na ukubwa wa kumtosha mtoto wa darasa la tatu, na ule mkanda wa ngozi ulikuwa mgumu kama gamba la kobe. Sikumdai kitu, kwa kuwa kosa lilikuwa la aliyempelekea.

Ili kurudisha umbo, chemsha maji katika birika, shika kofia juu ya mvuke kwa nusu dakika hivi bila kuigusisha maji, kisha ibonyeze kwa vidole mpaka ipate mikunjo unayoitaka, na uishikilie mpaka ipoe. Mvuke usielekezwe kwenye ngozi, kwa maana ngozi husinyaa kwa joto. Ndiyo sababu pia kofia haiachwi ndani ya gari lililoegeshwa juani. Na usiitundike kwenye msumari. Naijua desturi yetu ya kupigilia msumari nyuma ya mlango, ila msumari huacha nundu ambayo kila mtu ataiona ukiwa umekaa. Iweke kichwa chini, ukingo juu, mahali bapa.

Nondo wametoboa kofia yangu. Nifanye nini?

Nondo mwenyewe hali kitu. Anayekula ni funza wake, ambaye hupenda manyoya na sufu, hasa penye jasho. Tundu lililokwisha kutobolewa halizibiki vizuri, lakini funza waliobaki wanaweza kuuawa. Funga kofia katika mfuko wa plastiki, utoe hewa kadiri inavyowezekana, uiweke kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Umeme ukikatika muda mrefu hadi vitu vikayeyuka, anza kuhesabu upya. Baada ya kuitoa, acha mfuko ukiwa umefungwa mpaka kofia ipate joto la chumba, la sivyo itaota unyevu. Kwa kinga ya kila siku, kofia inayovaliwa na kupigwa brashi mara kwa mara hailiwi kirahisi. Nondo hupenda giza na utulivu.

Nimesikia kofia za zamani zina sumu. Ni kweli?

Kwa baadhi, ndiyo. Kwa muda mrefu watengenezaji walipaka manyoya ya sungura dawa yenye zebaki ili yashikane upesi, na wafanyakazi wengi wa viwanda hivyo walipata maradhi ya kutetemeka na ya akili. Marekani iliacha matumizi hayo mwishoni mwa mwaka 1941. Kwa kuwa kofia nyingi za ukingo mwembamba zinazofika hapa ni za baada ya miaka ya 1950, wasiwasi ni mdogo. Hata hivyo, ukipata kofia unayoidhania kuwa ya kabla ya vita, iweke kwa kuitazama: usiipige msasa, usiipigie mvuke ndani ya chumba kilichofungwa, na unawe mikono baada ya kuishika.

Je, inanikinga na jua?

Kidogo sana. Ukingo wa sentimita 4 hufunika paji la uso na kuacha masikio, pua na shingo. Wataalamu wa ngozi hushauri ukingo wa takriban sentimita 7 na nusu au zaidi kuzunguka kichwa chote, na ndugu zetu wenye ualbino hawapaswi kabisa kutegemea kofia za aina hii kwa kutembea mchana. Mimi mwenyewe nikienda shambani huvaa kofia pana ya ukindu, na hii ya felti huingoja saa kumi na moja jioni.

Adabu zake ni zipi?

Huvuliwa ndani ya nyumba ya mtu, kanisani, mezani na msibani. Ukimpa mzee shikamoo, ivue kabisa kwa kushika ukingo. Kuigusa kwa kidole kama katika sinema hapa kwetu huonekana ni dharau. Usiivue kwa kubana kile kibonyeo cha mbele, maana hapo ndipo felti, na zaidi majani ya kofia za kusuka, hupasukia. Msikitini jambo ni la wazi zaidi: ukingo, hata mwembamba, huzuia paji la uso kugusa chini wakati wa kusujudu, ndiyo maana baraghashia na tarbushi hazina ukingo. Uturuki ilipopiga marufuku tarbushi kwa sheria ya Novemba 1925 na kuwataka watu wavae kofia zenye ukingo, jambo hilo halikuwa dogo kwa waumini. Wenzangu wa Gongoni huja na pama mkononi na kofia ya kiua mfukoni.

Mwanamke anaweza kuivaa?

Majina mawili makubwa ya kofia za kiume yametokana na wanawake wa hadithi. Fedora ni jina la mhusika mkuu wa tamthilia ya Kifaransa ya mwaka 1882, ambaye aliigizwa na Sarah Bernhardt. Trilbi imepewa jina la Trilby, msichana wa riwaya ya George du Maurier ya mwaka 1894, baada ya kofia ya aina hiyo kuvaliwa jukwaani London mwaka uliofuata. Kwa hiyo anaweza, na atakayemuuliza amwambie hayo. Tofauti ya kiufundi ni kwamba fundo la utepe huwa upande wa kushoto kwa kofia za kiume, na kwa kawaida kulia kwa za kike.

Nimepata ya mabaka ya kijeshi mitumbani. Niichukue?

Usiichukue. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo, na askari atakayekusimamisha hatataka kusikiliza habari za ukusanyaji.

Nitaibebaje kwenye bodaboda?

Kichwani huvaliwa helmeti, kwa sheria na kwa akili. Kofia usiisukume ndani ya begi, wala usiikalie ukidhani ni imara. Ijaze soksi au fulana ndani ya kichwa chake, iweke kwenye mfuko mgumu wa karatasi, na uushike mapajani katikati yako na dereva. Kwa safari ya treni ya usiku nimeona sanduku la kadibodi la keki linafaa kuliko sanduku lolote la dukani, isipokuwa kila abiria wa behewa atakuuliza utaikata saa ngapi.